Bunduki Inayokataa Alfajiri

Kedowa, 1956

Jumatatu, Juni 4

Leo nimepewa bunduki, na matusi juu yake. Bwana Pinder ameniita ofisini, akaitoa ukutani, akasema, "Wewe askari ya zamani. Sasa wewe nalala shamba, napiga nguruwe. Mahindi yangu ikiisha, wewe kwisha. Wewe, mama yako, ng'ombe yako, yote toka." Nikasema ndiyo Bwana. Nilisema ndiyo Bwana katika jeshi la KAR mpaka Burma, na bado neno lenyewe sijalizoea. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Yale nisiyoweza kumwambia mtu usoni nitayaandika humu, la sivyo siku moja nitampiga mtu ngumi na kufungwa.

Bunduki yenyewe ni ya zamani, ya marehemu baba yake. Mitutu miwili kando kwa kando, triga mbili: ya mbele ni ya mtutu wa kulia, ya nyuma ni ya kushoto. Napewa risasi mbili kila jioni, na asubuhi nazirudisha. Nikipiga, narudisha maganda. Mzungu huyu anadhani nitakula risasi na ugali.

Nimemwambia mama habari ya kutolewa. Akasema hatoki. Kaburi la baba liko nyuma ya nyumba yetu, na baba alichunga ng'ombe wa Pinder hadi siku aliyoanguka malishoni. Mama anasema watamtoa akiwa amebebwa.

Jumamosi, Juni 9

Nguruwe walikuja kulipopambazuka, wakitokea msituni. Nimepiga mmoja. Bunduki imelia vizuri, mtutu wa kulia. Ndugu yangu Kiptanui alikuwa upande wa pili akigonga debe. Huyu mchana anafanya kazi kwenye kitalu cha chai, usiku ananisaidia, na halipwi hata senti kwa hiyo ya usiku. Nilipomwambia adai, akacheka. Huyu ndugu yangu hajui kukasirika, sijui alizaliwa na nani.

Kazi imekuwa na njia yake sasa. Jioni nachukua bunduki ofisini, napita nyumbani kula. Mama huipokea mlangoni kwa mikono miwili, anaketi nayo karibu na moto na kuipangusa umande mimi nikinawa na kula. Halafu tunakwenda shambani. Asubuhi nairudisha ofisini.

Ijumaa, Juni 15

Mvua ya mawe. Hata nguruwe wamelala.

Alhamisi, Juni 21

Imenikataa! Kundi zima lilikuwa mbele yangu, jua halijatoka, mkono wangu umetulia. Nikavuta triga ya mbele. Tik. Nikavuta ya nyuma. Hata hiyo tik sikuisikia vizuri. Nguruwe wakaniangalia, wakaendelea kula. Nikawafukuza kwa mawe kama mtoto anayewinga ndege.

Nikampelekea Bwana, nikamweleza. Akaiweka kwenye kona, karibu na jiko la kuni la ofisi, akasema atatazama baadaye. Saa sita akaniita, akasimama barazani, akapiga debe lililowekwa juu ya nguzo. Bu! Bu! Mitutu yote miwili. Debe likaruka.

"Bunduki mzuri sana," akasema. "Wewe ndiyo iko mbaya."

Gekara nyapara alikuwepo. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nitamkumbuka.

Ijumaa, Juni 22

Bado nina hasira. Sina la kuandika.

Jumatano, Juni 27

Imekataa tena, alfajiri, vilevile. Lakini leo nimetumia akili. Niliitoa ile risasi nikaitazama kitako. Pale katikati, kwenye kile kifuniko cha shaba, pini imegusa lakini haikupiga. Alama ndogo, ya ukucha tu. Basi triga inaachia, ila ndani kuna kitu kinachokwenda polepole.

Kabla ya kurudisha nikapita kwa Ephantus Kiarie. Huyu ni fundi wa baiskeli hapa barabarani, Mkikuyu, na duka dogo analo, ndiye aliyeniuzia daftari hili. Kabla serikali haijatangaza Hali ya Hatari juu ya Wakikuyu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai. Wenzake karibu wote walipakiwa kwenye magari wakarudishwa kwao. Yeye amebaki kwa kibali, na kibali chenyewe kinakaguliwa kila mara.

Aliponiona na bunduki mlangoni akaruka nyuma kama ameona nyoka. "Ngai! Arap Soi, unataka wanitie kitanzi?"

Ni kweli. Mkikuyu akikutwa na risasi moja tu anaweza kunyongwa, achilia mbali bunduki. Nikataka kuondoka. Akasema, "Ngoja. Simama huko nje ya ua. Mimi nitasimama huku." Akaweka mikono yote miwili kwapani, akaibana. Mkewe Muthoni akatoka na kikapu cha mahindi, akaketi kando ya barabara kuyapukuchua ili aangalie nani anakuja.

"Ifungue. Ifunge. Vuta ya mbele, bila risasi. Tena." Alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama. Akasema labda springi imechoka, au risasi zimeingia unyevu. Tuanze na risasi kwa sababu ndizo rahisi.

Jumanne, Julai 3

Nimembembeleza Bwana, amefungua boksi jipya la risasi. Gekara amekwenda likizo kwao Kisii, kwa hiyo angalau sikuchekwa. Leo alfajiri: tik. Risasi mpya, alama ileile ndogo. Basi si risasi.

Jumatano, Julai 4

Nilirudi kwa Ephantus. Akaniuliza kuhusu kile kitufe cha kufungia triga, juu ya shingo ya bunduki, kama kinarudi nyuma kidogo ninapotembea. Nikakikagua mbele yake. Hakirudi. Akauliza kama triga inarudi yenyewe nikiiachia. Inarudi. Wakati huo jua lilikuwa limepanda, nikavuta mara kadhaa bila risasi, na kila mara ndani ikapiga kwa nguvu. Tak! Tak!

"Hii ni nzima," akasema.

"Alfajiri haikuwa nzima!"

"Mimi nakuambia ninachosikia."

"Basi masikio yako ni mabovu. Fundi gani wewe, fundi wa pampu!" Nikaondoka bila kuaga. Muthoni akaniita, nikajifanya sisikii.

Jumapili, Julai 8

Baridi kali. Nyasi nyeupe kwa umande. Wachuma chai wameanza kuniita Bwana Tik.

Jumanne, Julai 10

Nimeanza kuandika mara mbili, nimefuta.

Alfajiri tulisikia mahindi yakivunjika upande wa msitu. Tukadhani nguruwe. Kiptanui akaenda na debe lake kuwazungukia ili wanijie mimi. Hatua chache tu akasimama. Nilimwona, mgongo wake. Kisha nikaona pembe juu ya mahindi. Nyati. Dume, peke yake, na wale wa peke yao ndio wabaya.

Sikutaka kumuua. Bunduki hii na risasi za nguruwe haziui nyati. Nilitaka mshindo tu, mshindo mmoja ungemgeuza. Kiptanui hakukimbia, alifanya sawasawa, alisimama kimya akiningoja mimi. Aliningoja! Nikalenga juu ya kichwa cha nyati, nikavuta. Tik. Nikavuta ya nyuma. Tik. Nikafungua kile kitufe na kukifunga, nikavuta tena, nikavuta mpaka kidole kikachubuka. Nyati akashusha kichwa.

Alimpiga pajani akamrusha. Nilikimbia nikipiga kelele, nikampiga nyati yule kwa kitako cha bunduki, usoni, mimi mwenyewe, na sijui kwa nini aligeuka. Labda alichoshwa na kelele. Akarudi msituni akitembea, hata hakukimbia.

Kiptanui alikuwa macho. Akasema, "Nilikuwa nangoja ilie." Hakusema kwa lawama. Afadhali angenitukana.

Tumempeleka hospitali Kericho juu ya lori la magunia. Paja limefunguka mpaka mfupa. Daktari anasema mguu utabaki lakini hautakunjika tena.

Jumatano, Julai 11

Bwana amekuja shambani na gari. Akaitazama damu kwenye mahindi. Akachukua bunduki akaipeleka ofisini, mchana akapiga hewani. Imelia. Bila shaka imelia!

"Wewe iko oga," akaniambia. Nikamwambia bunduki ni mbovu, njoo alfajiri uvute wewe. Akasema yeye haamki alfajiri kwa ajili ya boi. Gekara akirudi mwisho wa mwezi, yeye Bwana ataita baraza aamue. Kama bunduki ni mbovu nitaonyesha. Kama nasema uongo, tutatoka sote na ng'ombe wetu. Mpaka hapo niendelee kulinda.

Boi! Nina mvi kidevuni.

Jumamosi, Julai 14

Nimekwenda Kericho na kurudi kwa miguu. Homa imemshika Kiptanui. Ananiita kwa jina la baba.

Jumatano, Julai 18

Homa imeshuka. Mvua.

Jumanne, Julai 24

Kiptanui amerudi nyumbani. Mama anamlisha kwa mkono wake, haruhusu mtu mwingine.

Jioni Ephantus amenituma mtu: nije kesho asubuhi, na nisichelewe njiani. Baada ya yale niliyomwambia! Nisingeenda, lakini baraza limekaribia.

Jumatano, Julai 25

Alikuwa ananisubiri uani kabla ya jua, mikono kwapani, pumzi inatoka moshi. Akaanza kwa ukali. "Mimi nimekosa usingizi kwa sababu ya hii takataka yako. Kila mara unaniletea mgonjwa akiwa amepona! Bwana anaipiga mchana, ametoka kuiweka karibu na jiko. Mimi nimeisikiliza jua likiwa juu. Lini inakataa? Baridi. Vuta sasa hivi, kabla haijapata joto."

Nikavuta. Masikio yangu yalikuwa yameshazoea kusikia tik, lakini safari hii nilisikia kitu kingine nyuma yake, kitu kinachoburutwa.

"Umesikia?" akasema. "Ndani kuna uzito. Fungua chini."

Akanisukumia bisibisi kwa mguu kupitia chini ya ua. Skrubu mbili za kifuniko cha chini zilikuwa ngumu, akanielekeza namna ya kuzilegeza bila kuzitia makovu, kwa maana Bwana akiona makovu atauliza ni nani. Alikuwa akijikunja kwa hamu. Mara moja mkono wake ulitoka kwapani wenyewe, Muthoni akamfokea, "Baba Wamuyu!" akaurudisha.

Nikatoa kifuniko. Mle ndani, mahali pa springi na nyundo, pamejaa. Mafuta, yameganda, ya manjano, yamejaza kila pembe. Ephantus akasema, "Hayo si mafuta ya bunduki. Nani mjinga ametia hayo?" Nikaingiza kidole, nikanusa.

Maziwa na moshi. Nyumba yetu.

Nikapangusa kidole kwenye suruali. Ephantus alinielekeza nisafishe kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, nikasafisha, nikafunga. Nikavuta kwenye baridi ileile. Tak! Mpaka Muthoni akageuka. Ephantus akacheka kwa furaha, akanyoosha mikono yote hewani. "Sasa nenda kwa huyo Mzungu wako!" Nikamwambia asante, na kwamba nilimkosea siku ile. Akasema anajua.

Nikapeleka bunduki ofisini, nikashika njia ya nyumbani. Nilikuwa nawaka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa maneno mabaya, ambayo mtu hamwambii aliyemzaa. Ameutia mguu wa mwanawe ulemavu! Amenifanya kichekesho cha wachuma chai! Nilikuwa nimekaa miezi hii nikimchukia Pinder, nikimchukia Gekara, nimemtukana fundi wa watu, na kumbe ni kwangu, jikoni kwangu, kila jioni.

Nikaingia. Mama alikuwa ameketi na kichwa cha Kiptanui kwenye mapaja, Kiptanui amelala. Akaweka kidole mdomoni pake ili nisimwamshe. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila mimi kuuliza neno:

"Huyu angekufa, Kipkemboi. Nyati wa peke yake haachi mtu. Unajua kwa nini alimwacha? Ile bunduki naipaka mafuta ya ng'ombe kila jioni, naisemea, natia mpaka ndani, pale penye matundu ya vidole. Bibi yako aliupaka mkuki wa baba yako hivyo, naye akarudi. Wewe ulipokwenda Burma bunduki yako ilikuwa huko kwa Wazungu, sikuweza kuifikia. Nilikaa na mikono mitupu miaka yote ile. Safari hii imekuja mpaka mlangoni kwangu."

Uso wake ulikuwa na furaha. Sijauona hivyo tangu baba afe.

Nikatoka nje, nikapasua kuni mpaka shoka likalegea mpini.

Alhamisi, Julai 26

Nimemwambia mama kwamba Bwana amekataza bunduki kuingia nyumbani kwa watu. Akamlaani Bwana. Sasa nakula shambani. Leo alfajiri nguruwe wamekuja, baridi kali, nimevuta, imelia. Nimeua wawili. Sikusikia raha yoyote.

Jumanne, Julai 31

Baraza ni kesho. Gekara amerudi. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma.

Nikisema bunduki ilikuwa mbovu, Pinder ataipiga mbele ya watu na italia, kwa sababu nimeitengeneza mwenyewe kwa mikono hii. Nikisema imetengenezwa, atauliza imefunguliwa na nani. Anajua mimi sijui kufungua bunduki ya namna hii, na fundi ni mmoja tu barabarani, na huyo wanamtafutia sababu. Nikisema ilikuwa na mafuta, atauliza mafuta ya nani, na kabla ya jua kuzama kambi nzima itamwambia mama kwamba alimvunja mguu mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Kila mlango umefungwa. Umebaki ule mmoja, na sitaki hata kuuandika.

Jumatano, Agosti 1

Watu walijaa mbele ya ofisi, wachuma chai, wa ng'ombe, wote. Mama alikuja pia na fimbo yake, akasimama mbele. Bwana akaiweka bunduki mezani.

"Sema. Bunduki mbaya, au wewe oga?"

Kiptanui alikuwa ameletwa juu ya mkokoteni. Akainua mkono. "Bwana, mimi nilisikia ile tik. Nilisikia kwa masikio yangu."

Nikamgeukia ndugu yangu nikamwambia kwa Kikipsigis anyamaze. Akaniangalia kama hanijui.

Nikasema, "Bunduki ni nzima, Bwana. Niliogopa. Sikuvuta."

Gekara akacheka, lakini watu wengine hawakumfuata, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bwana akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Sasa wewe nasema kweli. Mimi napenda mtu ya kweli. Mama yako nakaa. Wewe nachimba mtaro. Bunduki nakwenda kwa Gekara."

Mtu ya kweli! Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu.

Mama aliondoka kabla baraza halijaisha. Nilimwona akipanda kilima peke yake, haraka, fimbo ikiwa kwapani.

Alhamisi, Agosti 2

Mtaro. Mvua. Hakuna aliyeniita Bwana Tik, hakuna aliyeniita chochote.

Jumapili, Agosti 5

Kiptanui amenivizia mama akiwa mtoni. "Nilisikia tik," akasema. "Kwa nini umejiua hivi mbele za watu?" Nikamwambia ulikuwa umeshtuka, ulisikia meno yako. Akasema, "Wewe ni mwongo." Nikamwambia ndiyo. Hii ndiyo mara ya kwanza nimemwona amekasirika, na amenikasirikia mimi.

Alhamisi, Agosti 9

Leo alfajiri nilikuwa nafunga viatu nje. Baridi ya kukata. Ng'ambo, upande wa shamba, bunduki ikalia. Bu! Halafu ya pili. Gekara. Mbwa wakabweka kambi nzima.

Mama alitoka akasimama mlangoni. Akasikiliza mpaka mwangwi ukaisha msituni. Hajaniambia neno tangu baraza; chakula huniwekea chini na kugeuka.

"Umesikia inavyolia?" akasema. "Mkononi mwa mtu baki. Haya ni mafuta yangu yanayofanya kazi. Mimi nilifanya yangu yote, Kipkemboi. Nilifanya kila kitu, na ndugu yako alikuwa anakungoja."

Maneno yote yalikuwa pale pale, niliyajua, sentensi moja ingetosha.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nikachukua jembe nikashuka kwenye mtaro.